Wazazi wanagombana sebuleni, wanapatana chumbani: tuliokulia humo tuongee

Kirumba Kwetu (mleta uzi)

Wakuu, habari za Jumapili.

Uzi huu ni wa wale ambao utotoni mlikuwa mnajua kwa mlio wa geti tu kama leo mzee kaja vizuri au kaja na lake. Komeo likivutwa taratibu, mnaendelea na katuni zenu. Likibamizwa, mmoja anazima televisheni, mwingine anakusanya madaftari, na kufumba na kufumbua watoto wote "wameshalala". Hakuna aliyewafundisha hiyo.

Sasa hivi ni mtu mzima, nina kazi, nimepanga Tabata, na jirani yangu ana geti bovu lisilofunga mpaka ulibamize. Kila akirudi usiku moyo unanienda mbio. Najua kabisa ni jirani, lakini mpaka nikumbuke hivyo jasho limeshanitoka.

Niseme mapema: nyumbani kwetu Mwanza hakukuwa na kipigo. Mzee hakuwahi kumnyanyulia bi mkubwa mkono. Ndiyo maana nilichelewa kuona kama nina la kusema, maana ukisema wazazi wako walikuwa wanagombana, mtu anakuuliza, "Alikuwa anampiga?" Ukijibu hapana, mazungumzo yameishia hapo. Kwetu ilikuwa makelele siku moja, halafu kununiana wiki nzima, pengine mwezi. Na kwenye kununiana huko, mimi kifungua mimba ndiye nilikuwa posta.

"Mwambie baba yako chakula kipo mezani." Baba amekaa palepale, redio mapajani, kila neno amelisikia. Nageuka: "Baba, chakula kipo mezani." "Mwambie mama yako nimeshakula." Mama naye kasikia. Lakini lazima nipeleke.

Baadaye nikaanza kuhariri. Bi mkubwa anasema, "Muulize hela ya ada ipo au ameshainywa." Nikifika kwa mzee nasema, "Baba, mama anaulizia ada." Mzee anajibu, "Akawaulize kaka zake wanaomjaza ujinga." Narudi jikoni: "Baba anasema analishughulikia." Nilikuwa darasa la nne. Niliamini nisipoyapunguza makali yale maneno yatalipuka, na yakilipuka kosa litakuwa la aliyeyabeba.

Hiyo ya kujiona mkosaji imeandikwa sana na wanasaikolojia. Mwaka 1990 watafiti wawili, John Grych na Frank Fincham, walieleza kwamba mtoto anaposhuhudia ugomvi hakai tu kama mtazamaji. Anapima: hili litanidhuru? Nani kalisababisha? Nifanye nini liishe? Anayejijibu kwamba yeye ndiye sababu, na kwamba yeye ndiye wa kulizima, ndiye anayeumia zaidi. Sasa fikiria magomvi ya nyumba zetu yanahusu nini. Ada. Sare. "Mtoto wako amefeli." "Umemdekeza." Mtoto yuko chumba cha pili anasikia jina lake likitajwa kila baada ya sentensi mbili. Atakosaje kujihesabia?

Sasa nifike kwenye kilichonifanya niandike. Nilipokwenda nyumbani mara ya mwisho, tumekaa na bi mkubwa uani anachambua mchele, nikajikaza nikamwambia kwamba ile hali yao ilinisumbua, na bado inanisumbua. Alinishangaa. Hakukasirika, alishangaa kweli. Akaniambia, "Mbona tulikuwa tunapatana? Baba yako ana hasira lakini si mtu wa kuweka. Usiku tunaongea, ananiomba radhi, yanaisha. Ninyi hamkujua?"

Wakuu, hatukujua. Hata siku moja. Ugomvi ulifanyika sebuleni mbele yetu, suluhu ikafanyika chumbani mlango umefungwa. Asubuhi tunaona wanasemeshana, hatujui imekuwaje, hatujui itadumu mpaka lini. Kwa hiyo tumekua tunajua kugombana kunaanzaje na hatujawahi kuona kunaishaje.

Yupo mtafiti mmoja, Mark Cummings wa Chuo Kikuu cha Notre Dame huko Marekani, ambaye kazi yake kubwa imekuwa hiyohiyo. Alikuwa akiwaonyesha watoto video za watu wazima wakigombana, nyingine zinaishia hapo kwenye hasira, nyingine watu wanaelewana. Walioona maelewano walitulia kwa kiasi kikubwa. Hata pale ambapo suluhu ilifanyika kando na mtoto akaja kuambiwa baadaye kwamba imeisha, ilisaidia. Na hasira ya kimya, ya kununa na kugeuziana mgongo, iliwasumbua watoto kama ilivyowasumbua ile ya kelele. Yaani kile ambacho wazazi wetu waliona ni busara, "tusigombane mbele ya watoto, tununiane tu", watoto walikuwa wanakisoma kama gazeti.

Na wale wa "mtoto mdogo haelewi" niwape hii. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oregon waliwapima ubongo watoto 20 wa kati ya miezi 6 na 12, wakiwa usingizini, huku wakisikilizishwa sauti ya mwanamume akiongea kwa hasira maneno yasiyo na maana. Waliotoka kwenye nyumba zenye ugomvi zaidi, ubongo wao uliitikia zaidi kwenye sehemu zinazohusika na mfadhaiko na hisia. Wamelala, jamani. Watoto 20 ni wachache na sitaki kujenga ghorofa juu ya hilo, lakini linaendana na mengine mengi.

Kwenye utu uzima hali haina sura moja, ndiyo maana ndugu wa tumbo moja mnatoka tofauti. Mimi nimetoka mpatanishi. Ofisini wakivutana kwenye kikao, nimeshaanza kutafuta sentensi ya kuwapoza kabla sijajua wanavutania nini, na bosi ananisifia kwa hilo. Nikirudi nyumbani nimechoka kama nimebeba saruji. Mdogo wangu wa kike hataki kabisa mahusiano yenye neno moja la kupishana. Mwanamume akinyamaza nusu siku, yeye ameshahama kichwani. Mdogo wetu wa mwisho ndiye tuliyekuwa tunamsema kwamba hajali, anavaa viatu anatoka. Huyo ndiye aliyeangukia kwenye pombe.

Halafu kuna tumbo. Sijui wangapi humu mmetibiwa vidonda vya tumbo ambavyo kipimo kikifanyika havionekani. Miaka yote ya chuo nilikuwa mteja wa duka la dawa, nakunywa vidonge vya asidi, usiku silali, kifua kinabana. Nilipima presha, nikapima moyo, vyote safi. Daktari mmoja kijana ndiye aliyeniuliza, "Ukiwa nyumbani kwenu huwa inazidi au inapungua?" Nilikaa kimya muda mrefu. Akaniandikia niende kwa mshauri nasaha.

Sasa lile la "nimevumilia kwa ajili ya watoto". Watafiti wengine wa Marekani, Paul Amato na wenzake, walifuatilia wanandoa kuanzia mwaka 1980, na mwaka 1992 wakazungumza na watoto wao waliokwisha kuwa vijana. Walichokuta hakimfurahishi mtu wa upande wowote. Palipokuwa na ugomvi mkali, vijana ambao wazazi wao waliachana walikuwa na hali nzuri kuliko wale ambao wazazi walibaki pamoja wakiendelea kuraruana. Palipokuwa na ugomvi mdogo, ikawa kinyume: kuachana ndiko kulikowaumiza. Kwa hiyo swali la "waachane au wasiachane" halina jibu mpaka ujue moto ulikuwa mkubwa kiasi gani.

Na tusidanganyane kwamba kuachana ndiyo mwisho wa ugomvi. Kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kwa kawaida huwezi kufungua shauri la talaka mahakamani kabla hujapita baraza la usuluhishi. Ni utaratibu mzuri kwenye karatasi. Ila mabaraza mengi ninayoyasikia kwa watu huuliza nani kakosa, anaambiwa aombe radhi, wanarudishwa nyumbani, na mtoto haulizwi hata jina. Sheria hiyohiyo, kwenye kuamua mtoto akae na nani, inataka mahakama iangalie matakwa ya wazazi, na ya mtoto mwenyewe kama umri wake unamruhusu kuwa na maoni yake. Wangapi humu mliulizwa?

Nimeandika sana. Mliokulia humo, mnaishije sasa? Na mlio wazazi, karibuni pia, sitawashambulia.

Nawasilisha.

Chumvi Kidogo

Nimevuta stuli. Hapo kwenye kuhariri ujumbe umenimaliza, mkuu. Kwetu ilikuwa kwa vikaratasi kabisa.

Fundi Spana

Vijana wa siku hizi mnapenda sana kujipa magonjwa. Sisi baba alikuwa anampiga mama mpaka majirani wanakuja kuamua, na tumekua, nimeoa, nina karakana yangu, sijawahi kwenda kwa mshauri yeyote. Maisha magumu ndiyo yanakomaza. Na hao wazazi wenu walikuwa wanagombana kwa sababu hela haikuwepo, siyo kwamba walikuwa wabaya.

Binti wa Ngarenaro

Fundi Spana, "tumekua" umesema wewe. Mama yako aliyekuwa anapigwa, naye anasemaje?

Fundi Spana

Marehemu. Usimwingize.

Binti wa Ngarenaro

Pole, kaka. Lakini umemwingiza wewe mwenyewe, na umemwingiza kama mfano wa jambo lisilo na madhara. Kupigwa mke hakujawahi kuwa haki ya mtu hata kwa sheria hiyo ya 1971 aliyoitaja mleta uzi. Kuna kifungu kabisa, cha 66, kinachosema hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo.

Kirumba Kwetu

Wakuu tusichafue hali ya hewa. Fundi kuna sehemu yuko sahihi. Mzee wangu alikuwa kiwanda cha nguo, kikabinafsishwa, akapigwa redandansi. Kabla ya hapo nakumbuka nyumba tulivu kabisa. Ipo kazi ya Rand Conger na wenzake kuhusu familia za vijijini za jimbo la Iowa, Marekani, zilizokumbwa na mdororo wa kilimo wa miaka ya 1980: hela ikikatika, wazazi wanaingiwa na msongo, msongo unageuka ugomvi, na ugomvi ndio unaomfikia mtoto. Mtoto anaweza kuvumilia ugali na dagaa kila siku. Anayoshindwa ni hayo yanayofuata baada ya sahani.

Ila, mkuu Fundi, hiyo inanifanya nimwelewe mzee. Tumbo langu bado linauma.

Na la kukomaa nikubali nusu. Wengi wetu hatuharibiki. Ule utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 1998, wa Vincent Felitti na Robert Anda, ulihesabu aina za madhila ya utotoni, mojawapo ikiwa mama kupigwa. Waliopitia aina nne au zaidi walikuwa kwenye hatari kubwa mara kadhaa ya sonona, ulevi na kujaribu kujiua. Hatari, haijaandikwa hatima. Lakini ukiwa umetoka mzima kwenye ajali ya basi huendi kusifia dereva.

Mombasa Raha Tupu

Kwetu huku Kisauni ilikuwa tofauti kidogo: baba hana neno, mama ndiye mkali, na mwisho wa ugomvi kila mara sisi twafungashwa kwenda kwa bibi. Mpaka leo nikiona begi limefunguliwa kitandani, hata ni langu mwenyewe naenda safari njema, tumbo lakata. Mume wangu hunicheka, asema mbona wapakia nguo kama watoroka.

Mama wa Watatu

Wanangu, nimesoma nikiwa nalia. Mimi nipo ndani ya ndoa ya namna hiyo, hakuna kipigo, ni maneno tu na kununiana. Mkubwa wangu yuko kidato cha kwanza na ndiye ninayemtuma kwa baba yake. Nilikuwa naona anakua na akili, maana hasemi maneno kama nilivyomwagiza, anayalainisha. Sasa nifanyeje? Kuondoka sina pa kwenda, na kusema ukweli baba yao si mtu mbaya.

Kirumba Kwetu

Mama, shikamoo. Mimi si mtaalamu, nasema kama yule mtoto mwenyewe. La kwanza, mwachishe hiyo kazi ya posta hata leo. Mkiwa hamsemeshani, mwandikie baba ujumbe kwenye simu, hata kama yuko kiti cha pili. La pili, mkishapatana, mwambieni. Si lazima mueleze yaliyokuwemo. "Jana mimi na baba tulikosana kuhusu hela, tumeshaongea, yamekwisha, na wewe hukuhusika." Mngeniambia mimi sentensi hiyo nikiwa darasa la nne ningelala.

Na baba naye aiseme. Ikitoka kwa mama peke yake, mtoto atadhani unamfichia.

Zamu ya Usiku

Nimekuwa nasoma kimya. Mimi ni muuguzi, niko wodi ya afya ya akili hospitali fulani ya serikali, naomba niongeze machache.

Mama wa Watatu, kwa mtoto wa umri huo angalia vitu unavyoviona kwa macho: usingizi, kula, maendeleo ya shule kushuka ghafla, kujitenga na wenzake, kuumwa kichwa au tumbo mara kwa mara bila ugonjwa kuonekana. Mkubwa anayelainisha maneno mara nyingi ndiye asiyeletwa hospitali, kwa sababu hasumbui mtu. Wanaoletwa ni wale watukutu. Pia kuna namba 116, ya kupiga bure, ya msaada kwa watoto. Mtoto anaweza kupiga mwenyewe, na mzazi pia. Kukiwa na kipigo au vitisho, usisubiri baraza, nenda dawati la jinsia na watoto kwenye kituo cha polisi.

Kwa ninyi vijana: huzuni ya siku mbili baada ya kusoma uzi kama huu ni kawaida. Ukiona wiki mbili zimepita, karibu kila siku moyo mzito au hakuna kinachokupa raha, usingizi na chakula vimebadilika, kazi haziendi, hapo njoo tukuone. Ukianza kuwaza kwamba heri usingekuwepo, usisubiri hizo wiki mbili. Mwambie mtu leo, njoo leo.

Mleta uzi, kuhusu tumbo: hicho ulichokisema nakiona kila siku. Lakini nisisitize, kapimeni kwanza. Vidonda vya kweli vipo na vinaua. Asije mtu akasoma hapa akaacha dawa.

Fundi Spana

Muuguzi, swali moja bila utani. Dawa zenu hizo mtu akianza si ndiyo anazinywa mpaka kufa?

Zamu ya Usiku

Hapana, kaka. Kwanza wengi wenye hali aliyoieleza mleta uzi hawaanzi na dawa, wanaanza na mazungumzo. Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha bibi wa mtaani kukaa na watu kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza kwa utaratibu maalumu: taja matatizo yako, chagua moja, tutafute hatua moja ya kulitatua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba miezi sita baadaye waliokaa na bibi walikuwa na dalili chache sana kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umefika mpaka Zanzibar. Anayehitaji dawa anapewa kwa muda, nyingi ni miezi kadhaa, na anaziacha kwa maelekezo ya daktari. Hatari ni kuziacha ghafla mwenyewe.

Fundi Spana

Bibi kwenye benchi hilo nimelielewa. Sikubaliani na mengine.

Chumvi Kidogo

Fundi kalegea, wakuu, nani ana picha ya skrini 😂

Ndizi Bukoba

Mimi nina swali la tofauti. Niko mkoani, mji mdogo, kila mtu anamjua mama yangu. Nikionekana naingia kwenye milango hiyo, kesho nyumbani wanajua, na wataanza kugombana wao kwa wao kwamba nani kanifanya hivi. Mtu kama mimi anaanzia wapi?

Zamu ya Usiku

Ndizi Bukoba, hospitali ya rufaa ya mkoa ina huduma ya afya ya akili, lakini huna haja ya kutangaza dirishani. Sema unataka kumwona daktari, tatizo ni usingizi. Ukiwa ndani na mlango umefungwa ndipo umweleze. Atakuandikia rufaa ya ndani. Ukiona bado, omba kuonana na ofisa ustawi wa jamii wa hospitali. Watu wanaingia pale kwa mambo mia, msamaha wa gharama, matunzo ya watoto, hakuna atakayejua wewe umefuata nini. Faili ni siri, na sisi tunabanwa na maadili ya kazi. Ikishindikana kabisa, mkoa wa jirani si mbali. Wapo wanaokuja kwetu kwa basi la asubuhi, wanarudi jioni, nyumbani wanajua walikwenda kufuata mzigo. Nitumie ujumbe binafsi uniambie uko wilaya gani, nikuelekeze siku za kliniki.